Teneur ya Maharagwe

Jumanne, tarehe 3 Juni

Mkutano wa chama cha bustani, katika darasa la shule hapa Dilala, Kolwezi. Nilifika mapema ili nikae benchi la mbele. Rachid, jirani yangu, alikuwa amekwisha kukaa benchi la mbele. Mtu ana lori, ana mke mpole, ana ndevu nzuri. Bado anataka na benchi!

Mgeni alikuwa Mamzele Stéphanie, mtafiti wa mbegu kutoka Lubumbashi. Binti mdogo, sauti ndogo, buti kubwa. Alisema mvua siku hizi zinakatika katikati ya msimu, na kila mtu aliona msiba wa mwaka jana. Kwa hiyo wanatafuta maharagwe yanayovumilia kiu. Kila bustani imekwisha kupanda mbegu ya kwao kwenye matuta mawili. Tuta moja litaendelea kunyweshwa. La pili, kuanzia leo, hata tone. Mwezi ujao majani mapya ya tuta kavu yatapelekwa Ulaya kupimwa kaboni.

Hapo nikaacha kusinzia. Mamzele akaeleza. Hewani kuna kaboni nyepesi, nyingi, na kaboni nzito kidogo. Jani lina vinywa vidogo visivyoonekana. Jani linaloacha vinywa wazi kutwa nzima linapoteza maji, na kwa sababu hewa inaingia kwa wingi, linachagua ile nyepesi, kama mtoto anayechambua nyama katika sahani ya wote. Jani linalobana vinywa kutunza maji halipati nafasi ya kuchagua. Linakula na nzito. Basi ukikuta nzito imezidi kidogo, umepata mmea unaojua kuweka akiba.

Wengine walitikisa kichwa kwa adabu. Mimi nilielewa. Ni teneur! Nani Kolwezi hajui teneur? Unapeleka mfuko wako wa madini kwa mnunuzi, anauelekezea ile mashine yake inayofanana na bastola, namba inatoka: madini halisi ni kiasi gani ndani ya mawe. Kubwa, unacheka. Ndogo, unalia. Sasa maharagwe nayo yameingia katika biashara hiyo. Na kila mwenye akili katika mji huu anajua kwamba teneur haianguki kutoka mbinguni. Teneur inasaidiwa.

Mshindi atachimbiwa kisima chenye pampu ya jua katika bustani yake. Tena ataipa mbegu jina. Maharagwe ya Kabemba! Nimeliandika jina hilo pembeni mwa ukurasa kwa mwandiko wa aina tatu. Linakaa vizuri katika zote.

Mamzele aliendelea na mambo ya utaratibu, bahasha, sampuli za akiba, sijui nini. Sikusikiliza. Nilikuwa natayarisha swali la kutikisa jengo: nani aliwaruhusu kupima kaboni yetu bila kutuuliza? Rachid akaniwahi kwa swali la kijinga kuhusu mbolea. Mamzele akasema ni swali zuri. Langu akasema ni refu.

Adolphine, mke wangu, hakuuliza kitu. Njiani alisema tu kwamba pampu ikija kwetu, goti lake litapona. Ndiye anayeshuka mtoni na kupanda mteremko na bidoni ya maji kichwani, asubuhi na jioni. Yeye anaendesha bustani kwa mikono, mimi naiendesha kwa mawazo. Mbegu pia ni ya marehemu mama yake, aliyetoka nayo Mutshatsha imefungwa katika ncha ya kitenge. Lakini jina la nyumba hii ni langu.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimefikiri siku mbili. Wanataka kaboni? Makala, mkaa wa kupikia, ni nini kama si kaboni tupu!

Nilitwanga nusu gunia la makala katika kinu cha nyumbani na kumwaga unga wake kwenye mizizi ya tuta kavu. Kazi ya heshima. Jasho jeusi.

Jioni bukari yetu, ugali wa unga wa kinu kile kile, ilikuwa ya kijivu. Adolphine alitazama sahani, akatazama kinu, akanitazama mimi. Alikula bila neno. Napendelea mke anayegomba. Yule unaweza kumjibu.

Mamzele Stéphanie alipita kukagua. Akauliza huo weusi ni nini. Nikasema ni dawa ya panya. Akasema vizuri, mradi isiwe mtu anadhani mmea unakula kaboni kwa mizizi, kwa maana kaboni yake inatoka hewani. Nikacheka sana. Nikamwambia kuna wajinga wanaodhani hivyo.

Hewani! Kwa nini hawasemi mambo haya mapema?

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Kama ni hewa, basi hewa ibadilishwe. Niliazima mbabula tatu, majiko ya kuchomea nyama, kwa majirani, nikazijaza makala, nikaziwasha kati ya mistari ya maharagwe. Joto zuri katika baridi hii ya Juni. Nilikaa juu ya bidoni nikizipepea, nikiyaambia maharagwe yale bila kuogopa.

Kosa moja. Watu wa Dilala wakiona mbabula tatu mahali pamoja, mawazo yao hayaendi kwenye sayansi. Wa kwanza kufika alikuwa Mechack, katekista na mwenyekiti wa chama chetu. Alikuja na sahani. Nyuma yake jirani na watoto wake, wote na sahani. Baadaye mtu wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, ambaye simjui kabisa. Huyo alikuja na chumvi yake.

“Tata Kabemba,” Mechack akaniuliza kwa upole, “ile mbuzi iko wapi?”

Nilieleza kwamba ni jaribio. Walielewa kwamba mbuzi bado yuko njiani, wakaketi. Nikaanza kuwahutubia juu ya hali ya hewa na ubeberu. Walisikiliza vizuri kabisa, kama watu wanaosikiliza sala kabla ya chakula. Mwishowe Adolphine alitoka na viazi vyetu vya wiki akavichoma juu ya mbabula zile zile. Waliondoka wakisema sherehe ilikuwa ndogo lakini yenye maneno mengi.

Mistari miwili ya maharagwe imeungua pembeni. Adolphine aliipapasa kwa vidole, jani kwa jani. Kisha akachukua kiberiti akakifunga katika kitenge chake. Sasa nina wasiwasi.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimebadili mbinu. Ukishindwa kupandisha yako, shusha ya mwenzako. Siasa za dunia nzima zimejengwa juu ya jambo hili, na kama ningepewa nafasi redioni ningelieleza kwa dakika arobaini. Barua zangu za wazi hawazisomi tena. Zinawauma.

Hoja ni rahisi. Mmea wenye maji unaacha vinywa wazi. Vinywa wazi vinachagua nyepesi. Basi adui yangu anyweshwe! Ijumaa mchana Rachid anakwenda msikitini. Tuta lake kavu liko ng'ambo ya ua wetu. Nilichukua bidoni.

Sikujua mteremko ule ni mrefu hivi. Nani aliuweka pale? Bidoni ya kwanza ilinimwagikia mgongoni yote. Ya pili ilifika nusu. Ya tatu nilianguka nayo mbele ya akina mama wanaofua, nao wakapiga makofi. Lakini nilirudi, nikarudi tena, mpaka tuta la Rachid likanywa likashiba.

Aicha, mke wake, alikuwa anaanika nguo upande wa pili. Nilimpungia mkono kama mtu anayepita tu. Bidoni ilikuwa kichwani. Nadhani hakuona.

Mgongo! Adolphine amenikanda kwa mafuta bila kuuliza. Anadhani nimelima.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Lori la Rachid lilikuwa Likasi karibu wiki nzima. Heri ya mfanyabiashara ni safari, na heri ya mpinzani wake pia. Nimenywesha karibu kila siku. Maharagwe yake yamekuwa msitu. Mazuri mno. Nikiyatazama nasikia kichefuchefu na fahari kwa pamoja.

Ya Adolphine, maskini, yamesimama wima na majani madogo, magumu, yamegeuza ubavu kwa jua kama watu wanaokwepa mwenye nyumba. Lakini yana maua. Sijui yanatoa wapi.

Baada ya ibada, tuliporudi nyumbani, balaa. Aicha alimwita mke wangu pembeni, akamshika mikono yote miwili akamshukuru kwa kuwa na mume mwenye huruma. Akasema aliniona mara nyingi nikinywesha maharagwe yao, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiyaonea uchungu, ila Rachid ni mtu wa sheria, kwa hiyo wasimwambie.

Adolphine alinisubiri nimalize kula. Ndiyo desturi yake. Habari mbaya hampi mtu mwenye njaa.

“Baba Shekina,” akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, “tangu tulioana, ulisha kunibebea ata bidoni moja?”

Nilimwambia hili si jambo la maji. Ni politiki.

“Basi hiyo politiki yako ifike na kwangu. Goti yangu njo inaingoja.”

Nikaondoa sahani mwenyewe, nikaipeleka jikoni. Mimi! Niliyemnyamazisha mkuu wa ofisi mwaka ule nilipokuwa karani wa kampuni, mpaka akanifukuza kwa kukosa maneno mengine. Nimeandika hapa majibu manne mazuri sana, lakini amekwisha kulala.

Jumanne, tarehe 1 Julai

Jana sikukuu ya uhuru, leo kuchuma majani. Mamzele alisimamia. Majani ya tuta kavu tu, yale yaliyozaliwa baada ya maji kukatwa. Tunayatia katika bahasha ya karatasi, kila bahasha na namba. Yetu ni namba sita. Ofisini kwao wana tanuri la kukaushia, lakini umeme umekatika tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kila mmoja ayakaushe kwake, ayatwange, arudishe bahasha Ijumaa.

Yaani mfuko wa madini unalala nyumbani kwa mwenye mfuko kabla ya kupimwa! Sijawahi kuona watu wenye imani namna hii. Nilitazama chini ili wasione uso wangu.

Yeye mwenyewe naye alichuma majani machache kwenye kila tuta akayatia katika mfuko wake. Nadhani anapenda mboga. Majani ya maharagwe machanga ni matamu, simlaumu.

Kisha nikampiga swali la hila. Nikauliza, kwa elimu tu, ni mmea gani hapa kwetu wenye kaboni nzito kupita yote. Akasema mahindi. Mahindi yako mbali kabisa, akasema, hayakaribiani hata kidogo na maharagwe, kwa sababu mahindi ni...

Sikungoja. Mtu akikuonyesha mlango, husimami kusikiliza historia ya ubao.

Jumatano, tarehe 2 Julai

Nilimtembelea shemeji Mbayo. Amechimba madini kule Mutoshi miaka mingi, na mifuko yake ilikuwa maarufu. Nikamuuliza, kama mfano tu, mtu anayetaka kusaidia teneur anafanyaje. Alifunga mlango kwanza. Akasema siri yote ni kiasi. Unachanganya kidogo cha kizuri katika kingi cha kawaida, ili mashine ifurahi lakini isistaajabu.

“Konzi moja tu, shemeji,” akasema. “Ukitia mingi, mashine inashituka.”

Ushauri mzuri kwa watu wa kawaida. Mimi nikajiuliza: kwa nini nishinde kidogo, kama naweza kushinda sana?

Mahindi mabichi mwezi huu hayapatikani, ila mstari mmoja unaota kando ya ua wa Rachid, pale Aicha anapomwaga maji ya vyombo. Nilichuma majani machache kupitia tundu la ua. Nikayakausha juu ya mabati, nikayatwanga. Unga wa kijani. Mzuri! Nani atautofautisha? Kisha nikamwaga unga wote wa majani yetu ya maharagwe kwa mbuzi wa jirani na kujaza bahasha namba sita kwa mahindi matupu.

Mbuzi alikula kwa shauku. Hata yeye anajua mbegu bora.

Ijumaa, tarehe 4 Julai

Bahasha imerudishwa. Nimeiweka mwenyewe mikononi mwa Mamzele, kwa mikono yote miwili. Adolphine alikuwa kando yangu amevaa kitenge cha kanisani. Aliomba aishike kidogo kwanza. Aliishika kifuani, akasema kimoyomoyo maneno ambayo sikuyasikia, halafu akaiachia.

Nilijishughulisha na vifungo vya shati langu. Vyote vilikuwa vimefungwa.

Sitaandika mpaka majibu yatoke. Mwandishi mkubwa anajua pia kunyamaza.

Jumatatu, tarehe 28 Julai

Niandike haraka, kabla sijaanza kusahau mambo yaliyonipendelea.

Darasa lilijaa. Safari hii benchi la mbele lilikuwa langu. Mamzele alikuwa na karatasi kutoka maabara. Akaanza kusoma namba, na kila namba ilikuwa na alama ya kutoa mbele yake. Nikasimama kupinga: hata maharagwe yetu Ulaya wanayahesabu chini ya sifuri! Akasema ni kipimo tu, na kwamba isiyoshuka sana ndiyo nzito zaidi. Mechack akaniomba nikae. Nikakaa kwa kupinga.

Maharagwe ya wenzetu wengi yalikuwa kati ya kutoa ishirini na sita na kutoa ishirini na nane. Ya Rachid ndiyo yalikuwa mepesi kuliko yote. Nilibana mdomo nisicheke. Mamzele akakunja uso. Akasema mmea huo haukuonja kiu hata siku moja, umeishi kama mtu aliye kwenye beseni. Je, kuna aliyelinywesha tuta lile? Rachid akaapa kwamba hakulinywesha. Na ni kweli, hakulinywesha. Halafu Aicha, yule mwanamke mpole, akainua mkono akasema kwamba Tata Kabemba ndiye aliyelinywesha, kwa huruma yake, na kwamba alianguka mara nyingi.

Wote wakanigeukia. Sikuwahi kupata hadhira makini kiasi hicho.

Nikaanza kusema juu ya ujirani mwema. Mamzele akasema ningoje kidogo, kwa sababu iko bado namba sita. Akasoma: kutoa kumi na mbili. Nikaruka! Nikapiga ngumi juu! Nikamkumbatia Mechack! Kumi na mbili, wakati wenzangu wamezama huko ishirini na saba! Nilikuwa nimekwisha kufungua hotuba yangu ya shukrani, ukurasa wa kwanza kati ya tisa, Mamzele aliposema kwa ile sauti yake ndogo:

“Tata Kabemba, hii haina maharagi. Ni mihindi.”

Akaeleza, bila hasira, na hilo ndilo liliniuma. Mahindi ni ukoo mwingine wa mimea, yana namna yao ya kula hewa, kwa hiyo namba yao huwa pale pale siku zote, iwe mwaka wa mvua au wa jua. Hakuna harage duniani lenye namba ile. Maabara walidhani ni utani. Waliandika kwenye karatasi: sampuli ya sita, mahindi. Alisema siku ya kuchuma majani alitaka kunieleza jambo hili, lakini nilikuwa nimekwisha kuondoka.

Nyuma ya darasa mtu alikohoa. Alikuwa Mbayo. Alikuwa ananionyesha ngumi yake iliyofungwa, konzi moja.

Kicheko kilianza kwa akina mama wanaofua, kikaenda ukutani, kikarudi. Mechack alikizima. Akasoma sheria ya chama: bustani iliyodanganya inatolewa, na pampu inakwenda kwa anayefuata. Mimi nilikuwa natafuta hoja. Nilipata tatu, zote nzuri, na hakuna iliyohusu suala lenyewe. Hapo Adolphine akasimama. Anasimama kwa shida, kwa sababu ya goti. Hajawahi kusema mkutanoni.

“Maharagi yangu haikuiba,” akasema. “Bwana yangu njo aliiba. Mumupige ye, muache maharagi.”

Akakaa.

Mamzele akafungua karatasi ya pili. Akasema yale majani aliyochuma kwa mkono wake yalikuwa sampuli za akiba, kama alivyotueleza siku ya kwanza, kwa sababu bahasha hupotea, hulowa, na mara nyingine hupata ajali. Yale ya Mama Adolphine nayo yalipimwa. Ndiyo mazito kuliko maharagwe yote ya chama. Tena uzito peke yake hautoshi, akasema, kwa maana kuna mimea inayobana vinywa mpaka inakufa na njaa. Lakini haya yalibana vinywa na bado yakazaa. Alikuwa amehesabu maganda mwenyewe. Hata mistari miwili iliyoungua ilizaa kidogo.

Kwa hiyo yale maharagwe yangeshinda bila mimi! Yalikuwa yameshinda tangu Mutshatsha! Nilijisikia kama mtu aliyevunja dirisha la nyumba yake huku ufunguo uko mfukoni.

Sheria ni sheria, akasema Mechack, ila chama kinaweza kuamua. Akamuuliza kwanza aliyekosewa zaidi. Rachid alisimama, akashika ndevu zake. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu ya miaka kumi.

“Mi nimekula maharagwe ya jasho yake,” akasema. “Ile tuta haijapata kuzaa vile. Nitamulaani namna gani? Pampu iende kwa mama.”

Alinisamehe mbele ya watu wote. Sitamsamehe kamwe.

Wakaamua. Kisima kitachimbwa, na bustani na mbegu ziandikwe kwa jina la Adolphine peke yake. Mimi nimevuliwa uanachama. Mpaka siku pampu itakapotoa maji, nitabeba maji ya bustani zote sita, kuanzia ya Adolphine. Walipiga kura. Waliinua mikono wote, hata yule wa taksi-moto ambaye si mwanachama.

Mwisho Mamzele alimwomba mke wangu aipe mbegu jina. Nilimtazama. Nilijaribu kumsaidia kwa midomo, bila sauti: Ka-be-mba. Alinigeuzia bega. Akasema, Tshibola. Jina la mama yake.

Njiani kurudi alitembea mbele, polepole. Alikuwa anafuta uso kwa ncha ya kitenge, nami nilikuwa nyuma. Nilimwambia jina lingine lingekuwa na mvuto zaidi sokoni. Akasema bidoni ziko nyuma ya jikoni.

Ijumaa, tarehe 1 Agosti

Sikukuu ya wazazi. Asubuhi tulisafisha kaburi la Mama Tshibola. Adolphine alimwagia kaburi maji, akamweleza marehemu habari yote, bila kupunguza sehemu yangu. Maji nilibeba mimi.

Nimebeba tangu Jumanne. Shingo imeingia mabegani. Akina mama wa mtoni wananiita Tata Pampu. Adolphine anakaa juu ya kigoda mbele ya bustani yake, mguu umenyooshwa, ananionyesha kwa kidole mstari ambao haujapata maji. Jana nilimwona anacheka peke yake. Sikumbuki lini nilimwona hivyo mara ya mwisho. Nimeandika hili kwa ajili ya ukamilifu wa kumbukumbu tu.

Sasa mambo ya maana.

Nimetafakari kosa langu kwa uaminifu, na nimelipata. Si udanganyifu, huo ulifanyika vizuri. Ni kwamba nilikuwa nashindana katika zao lisilo langu. Nilimwomba Mamzele nakala ya karatasi ya maabara, kwa ajili ya nyaraka zangu. Alisita, akanipa. Leo nimeisoma tena, taratibu, kama msomi. Imeandikwa waziwazi, na muhuri upo: sampuli ya sita, mahindi.

Mahindi! Imethibitishwa na mashine ya Ulaya! Ni mkulima gani mwingine katika Lualaba yote mwenye karatasi ya kigeni inayosema mahindi yake ni mahindi? Wengine wanauza mbegu kwa maneno ya mdomo. Mimi nina namba. Nimeitia karatasi katika fremu ya harusi yetu, nimeitundika mlangoni, na chini yake nimeandika kwa wino mwekundu: Mbegu ya Kabemba, imepimwa ng'ambo. Watu watatu wamekwisha kusimama kusoma. Mbayo alisoma mara mbili, akaondoka ameshika kichwa. Kwa furaha, bila shaka.

Limebaki tatizo moja dogo. Mbegu zenyewe. Mahindi yale yameshavunwa, nayo yananing'inia katika mafungu juu ya jiko la Rachid, mahali pasipo na mlango, pazia tu.

Ila leo ni Ijumaa. Naona anatoka sasa, kanzu nyeupe, anaelekea msikitini. Ananipungia mkono.

Nimempungia na mimi.